Kucha Kumi na Nane

Mbwa yule alisikika kabla ya kuonekana. Alipotoka ubavuni mwa kitanda kwenda kwenye bakuli lake la maji, kucha zake ziligonga sakafu ya saruji, ka, ka, ka, kama mtu mwenye viatu vilivyokwisha visigino. Fundi viatu, aliyefanya kazi chumba cha mbele, alizisikia kutwa nzima. Alijua zimekuwa ndefu mno. Alijua pia kwamba siku moja mtu atalazimika kuzikata, na kila alipowaza ni nani, aliinamia kiatu kilichokuwa mapajani mwake akaongeza bidii.

Zamani kucha za mbwa huyo, Kapteni, hazikumsumbua mtu. Mke wa fundi ndiye aliyevirudisha viatu kwa wenyewe, nyumba hadi nyumba, kapu mkononi na mbwa nyuma yake, na lami ya mtaa ikazisaga kucha zile kama tupa. Walirudi jioni wote wawili wanahema, mama akisimulia nani kasifu, nani kanuna, nani kafungua mlango kavaa soksi moja. Kisha kiharusi kikampiga. Kilichukua upande wote wa kulia na maneno yote aliyokuwa nayo. Kikamwachia macho, mkono wa kushoto, na mlio mmoja wa ulimi, ule aliokuwa akimwitia mbwa.

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne. Kapteni alikuwa na miaka kumi na miwili, mnene kwa kulala, manyoya mazito, pumzi fupi. Hakutoka tena barabarani. Mama akipiga ule mlio wa ulimi, mbwa aliinuka, akaweka miguu ya mbele juu ya godoro, na mkono wa kushoto ukashuka kichwani mwake. Hapo uso wa mama, ule upande uliobaki hai, ulifunguka. Fundi aliuona ukifunguka akiwa amesimama mlangoni na bakuli la supu. Akiingia yeye, ulifunga. Si kwa chuki. Ulifunga kama duka linavyofunga saa zikifika. Na mumewe, aliyemlisha, aliyemwosha, aliyejifunza kwamba akigonga ubao wa kitanda mara moja anataka maji na mara mbili shuka limelowa, alikuwa na siku ambazo alimwonea wivu mbwa. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Jumanne moja nesi wa zahanati alikuja kama kawaida kufunga kidonda cha mguu. Mama alikuwa na kisukari, na kidonda chake kilikuwa kimechukua miezi kukubali kupungua. Nesi alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono ya haraka. Alikunja shuka, akainama karibu zaidi.

"Mzee, hebu njoo uone."

Chini kidogo ya goti kulikuwa na mikwaruzo mitatu mipya, myembamba, sambamba, imeanza kuota wekundu pembeni.

"Ni kucha hizo," nesi alisema, akimwelekezea kidevu Kapteni aliyekuwa amelala chini ya kitanda. "Mama hana hisia mguuni. Atakwaruzwa hadi mfupa na hatajua. Huyu mbwa aondoke humu ndani."

"Sista, akiondoka huyu…" Fundi alimtupia mkewe jicho. Mkewe alikuwa akimtazama nesi bila kupepesa. "Huyu ndiye dawa yake."

"Dawa yake ninayo mimi kwenye mkoba." Nesi alitia dawa, akafunga bandeji, akahema. "Sikiliza, mzee. Na mimi nina mbwa nyumbani, sina ubaya naye. Nitarudi Ijumaa. Nikimkuta na kucha hizo, nitaandika kwenye kadi kwamba nyumba haifai, na bintiyo nitampigia mwenyewe."

"Nitazikata."

"Umewahi?"

"Nimekata ngozi miaka thelathini na tisa."

"Kucha si ngozi, ndani mna nyama na damu. Zile nyeupe utaiona nyama kwa mwanga, ya pinki. Zile nyeusi huoni kitu, kwa hiyo kata vipande vyembamba, kimoja kimoja, mpaka uone nukta yenye unyevu katikati. Hapo acha. Na mfunge mdomo asikuume. Chukua bandeji hii, mzungushie juu ya pua, dakika mbili, mfungue apumzike, mfunge tena."

Aliacha bandeji mezani akaenda zake.

Jioni ile ile binti alipiga simu. Nesi hakuwa amengoja Ijumaa. Binti alikuwa karani wa shule upande wa pili wa mji, alikuja kila Jumamosi, na sauti yake ya simu ilikuwa ile ya kuwaita wazazi wa watoto watundu.

"Baba, Jumamosi nakuja na daktari wa mifugo. Atamdunga sindano, atalala tu, hatasikia maumivu."

"Mama yako je?"

"Mama atazoea."

"Mama yako amezoea mangapi tayari, mwanangu? Mhesabie."

Kisha binti akasema, taratibu, "Mguu wa mama ukikatwa, utamwambia nini? Kwamba mbwa alikuwa na hamu ya kusalimia?"

Fundi alisema tu, "Nipe hadi Jumamosi. Ukikuta nimeshindwa, njoo na huyo daktari wako." Alipokata simu aliona mkewe amegeuza macho kumtazama. Maneno yalikuwa yamemtoka, masikio hayakuwa yamemtoka.

"Haendi popote, mwenzangu," alimwambia. "Nimekuahidi."

Na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu uso ule ulimfungukia yeye. Kidogo tu, upande mmoja tu. Lakini ulikuwa wake.

Asubuhi ya Jumatano alijaribu kwa bandeji. Aliizungusha mara tatu juu ya pua ya Kapteni kama alivyoagizwa. Mbwa alitikisa kichwa, bandeji ikateleza, meno yakamfikia fundi kwenye kiganja. Hakuuma kwa nguvu. Alionya tu, kisha akaenda kujibanza chini ya kitanda, akihema, aibu imemjaa. Fundi alikaa sakafuni akiiangalia bandeji. Ililegea, ilikunjamana, ilikuwa kazi ya ovyo. Ndiyo maana inahitaji kufunguliwa kila dakika mbili, aliwaza, kwa sababu haishiki. Kazi ya bandeji! Yeye si mtu wa bandeji.

Basi akaingia kazini.

Mbwa aliposinzia, alimpima kwa ukanda wa karatasi: mzunguko wa pua, urefu wa taya, shingo nyuma ya masikio. Alichagua ngozi ngumu ya ng'ombe kwa nje na laini ya ndama kwa ndani, isimchubue. Alikata, akatoboa kwa msharasi, akashona kwa uzi uliopakwa nta, mishono midogo iliyolala sambamba kama mchele. Kwenye mkanda wa nyuma alitia bizimu ya shaba aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya kiatu cha maana. Na mbele, pale pua inapofika, akatoboa matundu mawili mapana, kwa kuwa hakuwa mpumbavu. Kiumbe lazima apumue.

Kinyozi wa mlango wa pili alikuja kuomba moto wa sigara akakuta kazi imeiva.

"Fundi, hii ndala ya nani? Mbona haina kisigino?"

"Kiatu cha mdomo. Cha Kapteni."

"Ala! Mtaa mzima tunatembea na soli zilizotoboka, wewe unamshonea mbwa kiatu?" Kinyozi alikigeuza mwangani, akapitisha kidole ndani. "Lakini kazi imekaa. Ungemshonea na mke wangu kimoja."

"Mkeo mdomo wake hauna kalibu inayoutosha."

Kinyozi alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema, "Hakitabana?"

"Kiatu kinachocheza mguuni kinamcheka aliyekishona," fundi alijibu. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyofundisha. Kiatu kizuri kinakamata kisigino, kinakamata unyayo, mwenye mguu anasahau kama amevaa. Kinachoachia ndicho kinacholeta malengelenge.

Alhamisi, saa nane mchana, alikivisha.

Alichagua saa hiyo kwa sababu wateja huwa wachache. Alifunga mlango ili mbwa asitoroke. Alifunga na dirisha, maana wateja wa kinyozi walipenda kuchungulia. Jua lilikuwa limelala juu ya mabati na chumba kilipata moto kama tanuri. Alitandika gunia kando ya kitanda ili mama aone, akamvuta Kapteni taratibu, akampapasa, akateleza kiatu juu ya pua yake na kukaza bizimu kabla hajajua nini kimempata.

Kilimkaa barabara. Mbwa alijipiga chini, akakwangua uso kwa miguu yote miwili, akabingirika, akanguruma ndani ya ngozi. Hakikusogea hata unywele. Fundi, pamoja na huruma yake, aliona fahari ikimpanda kooni. Akamlalia mbwa kifuani kwa ubavu wake, uzito wote, akashika mguu wa kwanza.

"Tulia, bwana wangu. Tulia. Ni kucha tu."

Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa na kucha nyeupe. Aliziinua kuelekea mwanga uliopenya kwenye nyufa za mlango, akaiona nyama ya pinki ndani, akakata mbele yake kwa koleo. Tak. Kipande kikaruka kikagonga ukuta. Tak. Mbwa alipiga teke kila mara koleo lilipogusa, na kila alipopiga teke fundi alimkandamiza zaidi. Jasho lilimtiririka hadi kwenye nyusi. Ile kucha ya pembeni, isiyogusa ardhi, ilikuwa imejikunja kama ndoana. Ndiyo iliyokwaruza mguu wa mama. Aliikata kwa mikato minne. Kucha tano. Hakuna damu.

Mguu wa kulia ulikuwa mweusi wote. Hapo ndipo alipoanza kuwa fundi kwelikweli. Alinyoa vipande vyembamba kama anavyonyoa ukingo wa soli, akipuliza vumbi, akitazama, akinyoa tena, mpaka nukta yenye unyevu ikajitokeza katikati. Akaacha. Mkono wake, ambao siku hizi ulitetemeka akishika kijiko, haukutetemeka.

Mama aligonga ubao wa kitanda.

"Maji? Subiri kidogo, mwenzangu. Nikimwachia sasa sitampata tena."

Aligonga mara mbili. Mara tatu. Kisha akagonga bila hesabu, kwa ngumi, na kutoka kooni mwake ikatoka sauti ambayo fundi hakuwahi kuisikia, a, a, a, kama mtu anayejaribu kuusukuma mlango mzito.

Fundi hakuinua kichwa. Alijua ni nini. Anamwonea huruma mbwa wake, anadhani anaumizwa.

"Hata tone la damu halijatoka, mama. Wallahi. Tazama mwenyewe, ametulia."

Na kweli alikuwa ametulia. Mateke yalikuwa yamekwisha. Kifua chini ya ubavu wa fundi kilikuwa kikienda mbio, mbio sana, kifupi kifupi, halafu hata hilo likapungua. Mguu wa nyuma ulipomjia mkononi ulikuwa mlegevu, mtiifu, kama mguu wa mtoto aliyelala, na moyo wa fundi ukamjaa. Amenikubali, aliwaza. Miaka kumi na miwili, na leo ameniamini. Akazikata zile nane za mwisho bila haraka, moja baada ya nyingine, huku ngumi ikigonga ubao juu ya kichwa chake, na kikombe cha plastiki kilichokuwa kando ya mto kikarushwa kikampiga begani, maji yakamlowesha shingo.

"Basi, basi, mwenzangu! Nimemaliza."

Kucha kumi na nane. Aliinuka kwa magoti, akajinyoosha mgongo. Zilikuwa fupi, laini, za mviringo. Katika maisha yake yote hakuwa amefanya kazi safi kuliko ile.

"Haya, Kapteni. Amka uoneshe watu."

Kapteni hakuamka.

Alimtikisa. Mwili ulikuwa wa moto kupita kiasi, kama jiwe lililoachwa juani, na macho yalikuwa wazi yakitazama chini ya kitanda. Fundi alikimbilia bizimu. Vidole, vile vile vilivyokuwa imara dakika moja kabla, vilikataa. Akachukua kisu cha kazi akapasua mishono yake mwenyewe. Taya likafunguka na ulimi ukatoka mzito, umevimba, rangi ya zambarau. Akafungua mlango kwa teke. Akammwagia ndoo nzima ya maji. Akamfikicha kifua, akamwita, akamwita tena, akampigia kelele kinyozi.

Kinyozi alikuja na taulo la mteja begani. Alichuchumaa, akaweka kiganja penye mbavu, akakiacha hapo muda mrefu. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Amekwenda, Fundi."

"Nilimwachia pua! Angalia, matundu haya hapa! Alikuwa anapumua, nilimsikia!"

"Alikuwa anapumua, ndiyo." Kinyozi aliokota kile kiatu kilichopasuliwa, akakiangalia, akakirudisha chini. "Lakini mbwa hatoki jasho kama sisi. Joto lake analitoa mdomoni, lazima apanue kinywa, ulimi uning'inie, apitishe upepo. Ukimbana taya kwenye joto hili, tena mzee, tena mnene, tena anapigana… Anaiva ndani kwa ndani, ndugu yangu."

Ndipo fundi alipoinua macho kumtazama mkewe. Mama alikuwa ameacha kugonga. Kutoka pale kitandani alikuwa ameona kila kitu: taya lililobanwa, povu kwenye matundu, macho yakigeuka. Aliona tangu mguu wa pili. Alikuwa ametumia kila alichobakiwa nacho kusema, na aliyeambiwa alimjibu kwamba asubiri.

Walimzika Kapteni nyuma ya kibanda cha kinyozi, jua likiwa bado juu.

Ijumaa nesi alikuja. Alikunja shuka, akaukagua mguu kwa muda, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ile mikwaruzo ilikuwa imekauka. Hata kidonda kikubwa kilikuwa kimejivuta pembeni.

"Vizuri sana. Umeona tofauti, mzee? Ulimpeleka wapi?"

"Nilimuua."

Nesi alidhani amesikia vibaya. Fundi alimweleza yote, kwa mpangilio, kama anavyomweleza mteja kwa nini kiatu chake hakitengenezeki. Alipofika kwenye bandeji na dakika mbili, nesi aliinamisha uso akajishughulisha na mkoba wake.

Jumamosi binti alifika peke yake, nesi akiwa ameshampa habari. Alimkumbatia babake, na kwa kuwa alikuwa mtoto mwema alijitahidi kuficha nafuu aliyoisikia moyoni.

"Baba, usijitese. Si alikuwa mzee tayari? Mwambie mama alikufa kwa uzee."

"Mama yako alikuwa anatazama."

Binti aliingia chumbani na bakuli la supu. Baada ya robo saa alitoka nalo likiwa limejaa vile vile, supu imegandia juu.

"Amekula lini mara ya mwisho?"

"Alhamisi asubuhi."

"Baba! Na dawa za sukari?"

"Anafunga mdomo."

Nesi aliitwa tena Jumapili. Alimpima sukari, akampima presha, akambembeleza kwa kijiko kama mtoto, akaweka kijiko chini. Alimtoa fundi na bintiye hadi chumba cha mbele. "Koo lake ni zima," alisema. "Anaweza kumeza. Hataki. Kesho asubuhi ikiwa hivi, ni hospitali, apitishiwe mpira wa kulishia puani." Kisha akaongeza, kwa kuwa alitaka kuwaachia neno jema, "Ila mguu, kwa kweli, unapona."

Binti alienda kutafuta gari la asubuhi. Fundi alibaki. Saa kumi ilifika, saa ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo. Kila baada ya saa mbili, kwa amri ya daktari, mkono mmoja begani, mmoja nyongani. Alimkuta ameshajigeuza mwenyewe. Alikuwa ameushika ukingo wa kitanda kwa mkono wa kushoto, akajivuta inchi kwa inchi, jambo ambalo miezi kumi na minne walisema haliwezekani, hadi uso wake ukaelekea ukutani.

"Mwenzangu," fundi alisema. "Ulikuwa unaniambia. Nilisikia kila ulipogonga, sikukuelewa."

Mabati yalilia kwa joto. Alisubiri kidogo, kama mtu anayengoja zamu yake. Lakini upande ule ndio uliokuwa umeota wekundu wa vidonda vya kulala, hakutakiwa kuulalia. Kwa hiyo aliweka mkono mmoja begani, mmoja nyongani, akamgeuza kumwelekea yeye, taratibu, kama alivyofundishwa. Hakupinga. Alifumba tu macho.